Kufungia wageni wasiotakiwa kwa IP: geti uliweke wapi?

Mwenye kampuni moja ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ofisi yake iko Moshi, alinipigia Jumatatu asubuhi kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, kijana. Fomu yetu imejaa uchafu. Usiku mmoja maombi mia mbili, yote kamari na dawa za kupunguza kitambi. Wafungie wote."

"Wote akina nani, Mzee?"

"Hao hao. Angalia wanatoka nchi gani, ufunge nchi nzima."

Nikaangalia. Zilikuwa anwani za Ujerumani, Marekani, Uholanzi na Ufaransa. Yaani orodha ileile ya nchi wanakotoka wageni wanaomlipa.

Hapo ndipo kufungia watu kwa IP, yaani namba ya anwani ambayo mgeni anaonekana nayo mtandaoni, kunapokuwa kugumu kwa tovuti za huku kwetu. Duka la mabati la Sakina, Arusha, likiamua kufungia dunia yote isipokuwa Tanzania, halipotezi kitu. Hakuna Mfaransa atakayeagiza mabati Sakina. Kampuni ya safari ikifanya hivyo imejifungia yenyewe nje. Mimi natunza tovuti za kampuni za utalii, nyingi za Arusha na chache za Moshi, na karibu kila mteja ameshaniletea ombi la Mzee kwa maneno yake. Njia ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia ziko nne: faili la .htaccess, plagini (kiongezo) ndani ya WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, faiawoli ya seva yenyewe, yaani kichujio cha wanaoingia, na ngao ya mbele kama Cloudflare. Kila anayezilinganisha huanza na ipi inazuia zaidi. Mimi naanza kwingine: mgeni wa kweli akifungiwa kimakosa, ataona nini, na wewe utajuaje? Barua taka inakugharimu dakika moja ya kuifuta. Mgeni mmoja wa kupanda kwa njia ya Machame siku saba hulipa zaidi ya dola elfu moja, na hakupigii simu kukuambia tovuti yako imemkatalia. Anahamia kwa jirani.

Aliyewahi kukaa karibu na Mnara wa Saa wa Arusha anawajua flaikacha, wale vijana wanaomwandama mzungu tangu anaposhuka kwenye gari hadi mlangoni kwako, batiki na ramani mkononi. Ukimwambia mlinzi "yeyote anayetokea Barabara ya Sokoine asiingie", utawapunguza kweli. Ila mzungu wako naye anatokea Barabara ya Sokoine, na kesho flaikacha atazungukia upande wa pili. IP ndiyo barabara hiyo. Inakuonyesha mtu kapitia wapi, sura yake haikuonyeshi.

Soma logi kabla hujagusa kitu

Paneli ya hostingi, yaani ya kampuni inayokupangisha nafasi ya tovuti, huwa na sehemu ya kupakua logi ghafi, lile daftari la kila aliyegonga tovuti. Mstari mmoja unafanana na huu (anwani zote za humu nimezibadilisha, nimetumia zile zilizotengwa rasmi kwa mifano):

203.0.113.45 - - [14/Jul/2025:03:12:07 +0300] "POST /wp-login.php HTTP/1.1" 200 4521

Kushoto kabisa ni IP. Saa ni tisa na dakika kumi na mbili usiku, kwa saa za Afrika Mashariki. Mtu huyu, au tuseme mashine hii, imetuma nywila kwenye mlango wa kuingilia wa WordPress. Halafu kuna ile 200. Wengi wakiiona hushtuka wakidhani adui ameshaingia. Sivyo. Nywila ikikosewa, WordPress hurudisha ukurasa uleule wa kuingia, na hiyo ndiyo 200. Akipatia, anahamishiwa dashibodi na logi inaandika 302. Mistari elfu moja ya 200 ni kelele za mbwa nje ya uzio. Mstari mmoja wa 302 usioujua ndio wa kukukosesha usingizi.

Kisha hesabu. IP moja ikiwa imegonga mara elfu tatu, kuifungia kutasaidia leo leo. IP elfu tatu zikiwa zimegonga mara moja moja, weka kalamu chini, hakuna orodha itakayozimaliza. Maombi mia mbili ya Mzee yalitoka kwenye anwani zaidi ya mia na themanini. Wanaofanya biashara hii hukodi mashine kwenye vituo vya data kwa saa, au hupitia ruta za watu majumbani zilizoambukizwa bila wenyewe kujua. Ukiifungia namba, wao wameshaiacha, na anayefuata kuipata anaweza kuwa mwalimu mstaafu wa Hamburg anayetafuta bei ya Ngorongoro.

Angalizo moja hapa. Katika logi utaona boti nyingi (si zile za kwenda Unguja, ni programu zinazotembelea tovuti zenyewe), na baadhi zinajiita Googlebot, boti ya Google ya kukusanya kurasa. Ukimfungia Googlebot wa kweli, unatoweka kwenye matokeo ya utafutaji, na kurudi kunachukua muda. Wa kweli anatambulika hivi: uliza jina la anwani yake, liishie na googlebot.com au google.com, kisha uliza jina hilo lina anwani gani, na jibu lirudi kwenye anwani uliyoanza nayo. Kujiita tu hakutoshi, kila tapeli anajiita.

.htaccess na plagini: kwa waliopanga hostingi ya pamoja

Kampuni nyingi ndogo za hapa ziko kwenye hostingi ya pamoja, tovuti mamia kwenye seva moja, kama wapangaji wa nyumba ya vyumba vingi wanaotumia choo kimoja. Huna funguo za seva. Unabaki na mambo mawili.

La kwanza ni .htaccess, faili dogo la maandishi lililo kwenye folda kuu ya tovuti. Linasomwa na seva za Apache na LiteSpeed. Nginx hailisomi kabisa, kwa hiyo ukiona unaandika na hakuna kinachobadilika, anzia hapo. Amri zake ni fupi:

<RequireAll>
Require all granted
Require not ip 203.0.113.45
Require not ip 198.51.100.0/24
</RequireAll>

Mstari wa tatu unafungia anwani moja. Wa nne unafungia mtaa mzima wa anwani 256. Namba iliyo baada ya mkwaju ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu inakwenda kinyume na akili: ikipungua, eneo linakua. /24 ni anwani 256. /16 ni 65,536. /8 ni zaidi ya milioni 16. Nimeona faili la mteja lenye /8 nne, fundi aliyetangulia akiwa amechoka na spamu akafagia sehemu ya dunia kabla ya kwenda kula. Mitandaoni bado kuna maelezo mengi ya "Order Allow,Deny" na "Deny from". Hiyo ni lugha ya Apache ya zamani. Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2012 lugha ni hii ya Require, na kuchanganya zote mbili kwenye faili moja ni kutafuta kesi.

Ninachokipenda kwenye .htaccess ni kwamba aliyefungiwa unaweza kumpa maneno:

ErrorDocument 403 "Samahani, mtandao unaotumia umezuiwa. Tuandikie WhatsApp tukusaidie."

Weka na namba yako, na tafsiri ya Kiingereza. Yaandike maneno palepale kama hivi. Ukimpeleka kwenye ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo, na huo nao amefungiwa, ataona kosa juu ya kosa. Katika njia zote nne, hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa kumwachia mgeni wa kweli mlango wa nyuma.

Ubaya wake ni kwamba faili halina kumbukumbu wala huruma. Halijui kwamba anwani hii ilikuwa mbaya mwezi wa tatu tu. Ulichoandika kinakaa hadi wewe, au fundi atakayekurithi, akifute. Ninaandika tarehe na sababu kwa alama ya # juu ya kila mstari, na kila baada ya miezi mitatu nafagia. Bila hivyo, baada ya mwaka una orodha ya watu wasio na hatia pekee.

La pili ni plagini, na inayojulikana zaidi ni Wordfence. Tofauti na .htaccess, yenyewe ina macho: inahesabu waliokosea nywila, inawafungia kwa muda uliochagua, inawaachia muda ukiisha. Dada wa ofisini anaweza kuiendesha bila kumpigia fundi, akaona nani kafungiwa na kwa nini, akabofya kumwachia. Toleo la bure linapata kanuni mpya za ulinzi siku 30 baada ya wanaolipia, na kufungia nchi nzima ni kwa wanaolipia tu. Hilo la mwisho mimi naliona baraka.

Ila fikiria plagini imekaa wapi. Mgeni mbaya ameshapita barabarani, getini, mlangoni, sasa yuko mapokezi ndipo anaulizwa kitambulisho. Kila anayegonga ameshaiamsha PHP, lugha inayoiendesha WordPress, na mara nyingi hata hifadhidata. Zikija gonga elfu kumi kwa saa kwenye hostingi ya bei ya chini, plagini itazikataa zote kwa uaminifu na tovuti itakufa vilevile kwa kukosa pumzi. .htaccess inakataa mapema zaidi kwa kazi ndogo zaidi. Kwa hiyo hapo hakuna mshindi wa moja kwa moja: wachache wakaidi wanaorudi na namba ileile, .htaccess, wengi wanaokuja na kuondoka, plagini, almradi si mafuriko.

Siku niliyowafungia wagumu

Kosa hili ni langu, na ndilo lililonifundisha zaidi ya vitabu. Kampuni moja ilikuwa na ukurasa wa ndani ambako waongozaji na wapagazi, wagumu wenyewe wanavyojiita, waliangalia zamu zao za kupanda. Usiku mmoja nikaona IP ya Tanzania inagonga nywila mfululizo, ya mtandao mmojawapo wa simu. Nikasema, huyu wa nyumbani kabisa, nikaifungia, nikaongeza na majirani zake, /24 nzima, kwa hasira.

Saa moja asubuhi simu. "Kaka, tovuti imekufa." Nikafungua kwenye kompyuta yangu ya faiba: ipo. Nikamwambia mama wa ofisini afungue: ipo. Nikamwomba rafiki aliye Ujerumani: ipo. Lakini mgumu aliyekuwa Soweto pale Moshi, simu mkononi, bando limejaa, anaona ukurasa mweupe wenye neno la kukatazwa. Na wenzake watano vivyo hivyo. Mwingine, laini ya mtandao tofauti, anaona vizuri. Tulikaa dakika arobaini tukilaumu bando.

Maelezo ni haya. Anwani za IPv4, zile za kawaida za namba nne, ni bilioni 4.3 tu kwa mpango wa mwaka 1981, na simu zimeshazizidi. Mitandao ya simu humpa mteja anwani ya ndani, isiyotambulika nje, kisha huwatoa mamia ya wateja duniani kupitia anwani moja ya umma. Ni kama hiace: namba ya gari ni moja, abiria ni wengi, na wanashuka na kupanda kila kituo. Niliyemfungia mimi alikuwa hiace. Mwizi mmoja alikuwemo, pamoja na wagumu wote wa Soweto.

Tangu siku hiyo nina kanuni mbili za nyumbani. Anwani ya mtandao wa simu sifungii zaidi ya saa moja. Na anwani ya nyumbani sifungii zaidi ya siku moja, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi ruta inaweza kuamka na namba nyingine, ile ya kwanza ikaenda kwa jirani. Anwani za vituo vya data ndizo ninazoweza kuzifungia wiki nzima bila dhamiri kunisuta.

Kuhusu IPv6, mpango mpya wa anwani, mambo yanageuka. Kule anwani ni tele, na kifaa kimoja hubadilisha anwani chenyewe mara kwa mara ndani ya fungu lake. Ukifungia anwani moja ya IPv6 umekata jani. Kata tawi: /64.

Faiawoli ya seva: kwa wenye seva yao

Aliyekodi seva pepe, hata ile ya dola 5 au 6 kwa mwezi, ana geti lake mwenyewe. Linux, mfumo unaoendesha seva, inakataa pakiti (vipande vya data vinavyoingia) kabla hata programu ya tovuti haijajua kuna mtu. Hakuna PHP inayoamshwa, hakuna ukurasa unaotengenezwa. Kwa kasi na unafuu, .htaccess na plagini hazifui dafu.

Ila peke yake faiawoli ni mlinzi asiyejua kusoma. Anayemsomea ni programu iitwayo fail2ban. Inakaa kwenye logi, inahesabu, na ikimwona mtu kakosea kupita kiasi inamwambia faiawoli amfungie. Kwa mipangilio inayokuja nayo, makosa matano ndani ya dakika kumi yanakufungia dakika kumi. Watu huniambia dakika kumi ni kidogo, na wanaiandika mwaka. Mimi naiacha fupi, kisha nawasha ile ya kuongeza: anayerudi anafungiwa muda mrefu zaidi kila mara. Boti inarudi, binadamu aliyesahau nywila ameshapiga simu ofisini. Muda unawachuja wenyewe bila mimi kujua nani ni nani.

Sasa kipimo changu. Aliyefungiwa na faiawoli anaona nini? Kwa kawaida, haoni chochote. Ukitumia kudondosha pakiti kimyakimya, kivinjari chake kinazunguka, kinazunguka, hatimaye kinasema tovuti haijajibu. Atadhani seva yako imekufa, au intaneti ya Afrika ndivyo ilivyo. Hakuna WhatsApp, hakuna samahani. Ndiyo maana faiawoli naitumia kulinda mlango wa mafundi, yaani SSH, na wp-login, mahali ambapo mgeni wa safari hana shughuli. Kurasa za bei na fomu siachii mlinzi bubu.

Na ujiwekee akiba. Fundi kujifungia nje ya seva yake si hadithi ya kutunga. Hakikisha unajua kuingia kwa konsoli ya kampuni uliyokodi, ile inayopita ndani bila kugusa mtandao wa nje, kabla hujawasha kitu.

Ngao ya mbele

Cloudflare, iliyozinduliwa mwaka 2010, na nyingine za aina yake zinakaa kabla ya seva yako. Unabadilisha nemuseva (seva zinazoelekeza jina la tovuti) za jina lako, liwe .com au .co.tz, na tangu hapo kila mgeni anapita kwao kwanza. Katika mfano wangu wa mlinzi, huyu kasimama njiapanda huko mbali, na watu wabaya wanageuziwa huko bila kuchafua hata vumbi la uwanja wako. Mpango wa bure unatosha kampuni nyingi za hapa. Unapata kanuni tano za kutunga mwenyewe, na ukizipanga vizuri hutamaliza zote.

Kinachonifanya niipendekeze zaidi ya nguvu yake ni kwamba ina jibu la tatu. .htaccess na faiawoli zinajua ndiyo na hapana. Ngao inajua "subiri kidogo": inampa kivinjari kajaribio, mara nyingi mgeni haoni zaidi ya ukurasa wa sekunde mbili au kisanduku cha kuweka tiki, na anapita. Boti ya kawaida inakwama. Mwalimu mstaafu wa Hamburg aliyebahatika kurithi IP mbovu anaweka tiki, anasoma bei za Ngorongoro, maisha yanaendelea. Kwa kipimo nilichoanza nacho, hakuna njia nyingine inayokaribia hapa.

Jibu hilo la tatu linakuwezesha pia kulenga vizuri. Badala ya nchi, lenga mitandao ya vituo vya data, ambayo kila mmoja una namba yake ya utambulisho, ASN. Mtalii hachagui safari akiwa ndani ya kituo cha data. Wapo wanaotumia VPN, huduma ya kupitisha mtandao kwenye seva nyingine, hao watapewa jaribio, watapita. Lakini usiwafungie moja kwa moja, kwa sababu mfumo wa malipo ya kadi unapotaka kuiambia tovuti yako "mgeni amelipa", ujumbe huo hutoka kituo cha data, na mfumo haujui kuweka tiki. Ukiuzuia, mgeni amekatwa pesa na wewe kwenye orodha yako bado anadaiwa. Utajua atakapotua kiwanja cha ndege cha KIA na risiti mkononi. Toa ruhusa ya njia ya malipo kwanza, ndipo utunge kanuni nyingine.

Ngao ina mitego miwili ambayo mafundi wengi wanaikanyaga. Wa kwanza: baada ya kuiwasha, seva yako haiwaoni tena wageni, inaona anwani za Cloudflare tu. Ukisoma logi usiku, ukaona "IP moja" imegonga mara elfu tisa, ukaifungia kwenye .htaccess, umemfungia mlinzi wako mwenyewe, pamoja na kila aliyemruhusu. Dawa ni kuifundisha seva kusoma anwani halisi kwenye kichwa cha ombi kinachoitwa CF-Connecting-IP. Apache ina moduli ya remoteip kwa kazi hiyo. Hata ukishafanya hivyo, fail2ban ikimfungia mtu kwenye faiawoli haitamzuia, maana pakiti zake hazitoki kwake, zinatoka kwa Cloudflare. Wa pili: anayeijua anwani halisi ya seva yako anaweza kuizunguka ngao na kuja moja kwa moja. Cloudflare wanachapisha orodha ya anwani zao. Iambie faiawoli iruhusu hizo tu kwa ajili ya tovuti. Kwenye hostingi ya pamoja hilo kwa kawaida huliwezi, na hapo ngao ina tundu la kudumu.

Nchi nzima?

Nimeshasema maoni yangu, ila kuna mahali pamoja ninapokubali: ukurasa wa kuingia dashibodi. Wafanyakazi wako wako Tanzania, basi wp-login iwe ya Tanzania. Nilimwekea mteja wa Arusha kanuni hiyo, ikakaa kimya miezi mingi. Machi ikafika, akasafiri kwenda maonyesho ya utalii ya ITB Berlin. Usiku wa kwanza hotelini anataka kubadilisha bei kwenye tovuti, na tovuti yake mwenyewe inamkatalia. "Mdogo wangu, umenifukuza kazi?" Tangu hapo naweka jaribio badala ya kukataa, hata pale.

Na ramani za IP zenyewe zinakosea. Mtalii aliyetua KIA akiwa na laini ya kwao, akitumia intaneti kwa laini hiyo, mara nyingi anaonekana yuko kwao, kwa sababu mtandao wake unamrudisha nyumbani kwanza ndipo unamtoa. Yuko Usa River anakula ndizi, logi inasema yuko Munich.

Wanaobofya matangazo

Swali hili linakuja na hasira kuliko yote: "jirani yangu anabofya tangazo langu la Google anamaliza hela". Hapa njia zote nne hazisaidii. Hela inakatwa mtu anapobofya kwenye ukurasa wa Google, kabla hajafika getini kwako. Kufungia kunafanyika ndani ya Google Ads kwenyewe, ambako kila kampeni inakubali hadi anwani 500 za kutengwa, na nyota mwishoni inafungia mtaa wa 256. Google nayo huchuja mibofyo inayoishuku bila wewe kuomba. Kama jirani anabofya kwa simu, rudi usome habari ya hiace.

Kwa boti za makampuni yanayokusanya maandishi kufundisha akili bandia, anza na robots.txt, faili la kuziambia boti zisipite wapi. Waungwana kama GPTBot na CCBot wanaiheshimu. Wasio waungwana wapeleke kwenye ngao.

Ningechagua hivi

Kampuni ndogo, hostingi ya pamoja, hakuna fundi wa kudumu: ngao ya bure, jaribio kwenye wp-login na kwenye mitandao ya vituo vya data, ruhusa ya njia ya malipo juu kabisa. Plagini ibaki ndani kwa ajili ya kuhesabu nywila, ikiwa imeambiwa isome anwani halisi. .htaccess iachwe na mistari isiyozidi mitano.

Mwenye seva yake na mtu wa kuiangalia: ngao mbele, faiawoli inayoikubali ngao tu, fail2ban kwenye SSH. Asiyetaka tovuti yake ipite mikononi mwa kampuni ya nje, na nawaheshimu wenye msimamo huo, achukue fail2ban yenye muda mfupi unaoongezeka, na awe tayari kusoma logi kila wiki. Si kazi ya mtu mwenye wageni kumi na wawili geti la Machame asubuhi hiyo.

Kwa Mzee sikufungia IP hata moja. Niliweka kwenye fomu kisanduku kilichofichwa ambacho binadamu hakioni na boti inakijaza. Kikijazwa, ombi linatupwa. Nikaongeza jaribio la ngao kwenye ukurasa wa fomu kwa wanaotoka vituo vya data. Jumatano akapiga tena.

"Leo yamekuja maombi manne tu. Umewafungia?"

"Hapana, Mzee. Hayo manne ni ya watu?"

Kimya kidogo, panya ya kompyuta inabofya. "Matatu ni ya watu. Mmoja anauliza njia ya Lemosho, Septemba, wako sita. Subiri nimjibu huyu kwanza."

Akakata.